Utabiri ukisema asilimia 45, mtangazaji aseme nini?

SWALI: Natangaza kipindi cha kilimo na mazingira kwenye redio ya kijamii mkoani Tanga. Wasikilizaji wangu ni wakulima wa Handeni, Korogwe na Muheza, na wavuvi wa Pangani na Mkinga. Kila nikisoma utabiri wa msimu napigiwa simu: "Mlisema El Niño, iko wapi?" Wengine wanasema wataalamu wanabahatisha tu. Nikigusa mabadiliko ya tabianchi ndiyo kabisa, wanaona ni habari za warsha na posho. Nizungumzeje wanielewe na waniamini, bila kuipotosha sayansi?

JIBU: Ndugu mtangazaji, nianze na hiyo simu ya El Niño, maana ukiweza kuijibu vizuri hiyo, nusu ya kazi umeimaliza.

Utabiri unapotoka Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) huwa na namba na masharti yake. Ukipita mkononi mwa ofisa, ukaingia gazetini, ukafika kwa msoma habari, masharti yanakatwa moja moja ili habari iwe fupi. Kinachomfikia mkulima wa Handeni ni maneno mawili: El Niño inakuja. Hiyo tayari ni ahadi, na isipotimia anayedaiwa ni wewe, kwa sababu sauti aliyoisikia ni yako. Kwa hiyo ushauri wangu unakwenda kinyume na unaotolewa kwenye semina nyingi za wanahabari: usirahisishe kwa kuondoa shaka. Rahisisha lugha, fupisha sentensi, tafuta mfano wa karibu, lakini uwezekano uliotajwa na wataalamu upeleke hewani mzima kama ulivyo.

Ili uupeleke mzima lazima kwanza wewe mwenyewe ujue umetengenezwaje. Chukua mvua za vuli za miaka 30 kwenye kituo kimoja. Zipange kuanzia msimu mkavu kuliko yote hadi uliolowa kuliko yote. Misimu 10 ya mwanzo iite chini ya wastani, 10 ya katikati wastani, 10 ya mwisho juu ya wastani. Kama huna habari yoyote ya bahari wala ya upepo, kila fungu lina nafasi sawa, asilimia 33 na kitu. Ndivyo ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichopo Kenya, kinavyogawa ramani zake kila kinapokutanisha wataalamu wa ukanda huu kabla ya msimu. Wataalamu wakishatazama joto la bahari, nafasi hizo huacha kuwa sawa: fungu moja linaongezewa, jingine linapunguziwa.

Sasa tuseme ramani inaonesha eneo lako lina asilimia 45 kwa juu ya wastani, 35 kwa wastani na 20 kwa chini ya wastani. Kichwa cha habari kitakuwa "Mvua kubwa zaja Tanga". Hebu hesabu: 35 na 20 ni 55. Utabiri uleule unasema uwezekano wa kutopata mvua za juu ya wastani ni mkubwa kuliko wa kuzipata! Na hapohapo unasema jambo ambalo kichwa cha habari kimelimeza, nalo kwa mkulima lina thamani zaidi: hatari ya msimu mkavu imeshuka kutoka mmoja kati ya mitatu hadi mmoja kati ya mitano. Tena, juu ya wastani siyo mafuriko. Msimu ulioshika nafasi ya 21 kwenye ile orodha yetu ya 30 umo kwenye fungu la juu, na huenda hakuna daraja hata moja lililoguswa mwaka huo.

Kuna tatizo jingine ambalo wataalamu hatulisikii kwa sababu hatupigiwi simu. Ukisema "asilimia 45 juu ya wastani", wapo wanaoelewa kwamba itanyesha asilimia 45 ya mvua, yaani chini ya nusu. Wapo wanaoichukua kama maksi za mtihani, na 45 si maksi ya kujivunia. Ndiyo maana mimi huacha asilimia nikahesabu misimu. Ningesoma hivi:

"Kuhusu vuli ya mwaka huu, wataalamu wanasema hivi kwa eneo letu. Tukipata misimu 20 yenye dalili kama hizi, 9 itakuwa ya mvua nyingi, 7 ya kawaida, na 4 itakuwa mikavu. Anayelima bondeni asafishe mifereji mapema. Anayelima juu asiache kuweka kunde na muhogo pembeni ya mahindi, maana ile minne mikavu bado imo. Utabiri huu hausemi mvua itaanza lini kwenye shamba lako. Hilo tutalifuatilia hapahapa kila baada ya siku kumi."

Hapo hujafika hata dakika moja. Msimu ukija kuwa mkavu, ulishawaambia kwamba minne imo. Mpigaji penalti anayefunga nane kati ya kumi akikosa moja, hakuna kocha anayemwondoa kwenye orodha ya wapigaji. Lakini kama redio ilitangaza kabla ya mpira kuchezwa kwamba bao limeshaingia, uwanja mzima utazomea, na utakayezomewa ni wewe.

Turudi kwenye El Niño yenyewe. Hili jina limetuponza. Vuli ya 1997 hadi mwanzoni mwa 1998 iliacha alama kubwa Afrika Mashariki: barabara zilikatika, kipindupindu kikasambaa, homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Tangu hapo jina hilo kwetu lina maana ya gharika. Lakini El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki, upande wa pili wa dunia. Vuli yetu inaitikia zaidi bahari iliyo mlangoni. Kuna miaka Bahari ya Hindi upande huu wetu hupata joto kuliko kawaida, huku upande wa Sumatra, Indonesia, ukipoa. Hewa yenye unyevu hupanda huku kwetu na mvua huongezeka. Hali hiyo, ambayo siku hizi huitwa daipoli ya Bahari ya Hindi, ilipewa jina mwaka 1999. Mwaka 1997 zote mbili zilikutana zikiwa kali, na sisi tukabaki na jina moja tu kichwani.

Angalia yaliyofuata. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zilizopimwa, lakini daipoli haikuwa kali, na vuli haikufikia hata karibu na ile ya 1997. Watu waliokuwa wamejiandaa kwa gharika wakasema wamedanganywa. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kuzungumzia, ila daipoli ikawa kali kuliko ilivyowahi kuonekana kwa miongo kadhaa. Oktoba ile Handeni na Korogwe zilikumbwa na mafuriko, na mwezi uliofuata maporomoko ya ardhi yaliua makumi ya watu West Pokot, Kenya. Anayeuliza "El Niño iko wapi?" mjibu kwa miaka hii miwili. Nimeona watu wakinyamaza na kuanza kuhesabu mafuriko wanayoyakumbuka wenyewe, na hapo mazungumzo yanakuwa matamu. Sasa hivi nisipolazimika sitaji El Niño kwenye utabiri wa vuli. Natazama bahari zote mbili, natangaza mvua.

Mwaka 2023 majirani zetu walitupa somo la bei ghali. Idara ya hali ya hewa ya Kenya ilikuwa imeshatabiri mvua kubwa kuliko kawaida. Mapema Oktoba, Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba kwa mujibu wa wataalamu mvua za El Niño kama zilivyotarajiwa hazitakuja, ila zitakuwa mvua za juu kidogo ya kawaida. Kwa maneno ya kitaalamu huenda tofauti ilikuwa ndogo tu. Kwa msikilizaji ilikuwa ni kama king'ora kimezimwa. Mvua zikaja, na zaidi ya watu 100 walikufa nchini humo kabla ya mwaka kwisha. Kwetu, tarehe 3 Desemba mwaka huohuo, tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh, likaua zaidi ya watu 80. Utabiri wa msimu usingeweza kutaja mlima wala siku, na hilo nalo lisemwe redioni: utabiri wa miezi mitatu ni wa eneo pana, wa kupangia mbegu na mifereji. Wa kukuambia uhame usiku ni ule wa siku chache.

Kitu kingine ambacho sijui kwa nini tunakificha: vuli inatabirika vizuri kuliko masika. Vuli inafungamana na joto la bahari linalobadilika polepole, kwa hiyo dalili zinaonekana miezi kabla. Masika ni kaidi, inavutwa na mambo mengi madogo. Waambie wasikilizaji wazi kwamba utabiri wa vuli ya Oktoba waushike kwa nguvu, wa masika ya Machi waushike kwa vidole. Huwapunguzii imani kwa kusema hivyo. Wanayajua hayo kwa mashamba yao.

Kuhusu kipimo, acha kusoma "milimita 20" ukapita. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Milimita 20 basi ni ndoo ya lita 20 imemwagwa kwenye kila kipande cha shamba chenye upana wa hatua moja na urefu wa hatua moja. Mkulima akishaipata hiyo, mengi yanaelezeka, hasa lile linalowatia hasara kila mwaka, yaani kupanda kwa mvua ya kwanza. Kigezo kinachotumika sana kuhesabu kwamba msimu umeanza ni karibu milimita 20 ndani ya siku mbili tatu, kisha kusifuate ukavu mrefu unaochoma miche. Mvua ya manyunyu iliyolowesha vumbi Jumatano na kuamsha kila mtu na jembe Alhamisi haijafika hapo.

Tafuta wasikilizaji wachache kila tarafa wawe na kipima mvua. Cha plastiki cha bei nafuu kinatosha, kikae mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile vituo vya TMA vinasoma, wakutumie namba kwa ujumbe wa simu uzisome hewani. Kijiji kikisikia kwamba Mkata kumepigwa milimita 38 na kwao 4, ule ugomvi wa "mlisema mvua, kwetu mbona hakuna" unajifia wenyewe. Mwisho wa msimu rudi na hesabu: tulisema hivi, imenyesha hivi, hapa tulipatia, pale tulikosea. Redio nyingi hutangaza utabiri kwa mbwembwe na hazirudi kamwe. Mimi nikiambiwa nichague jambo moja tu la kukuachia katika barua yote hii, ni hili la kurudi.

Pemba wamefanya kitu cha namna hiyo kwa upande wa bahari. Katika vijiji kama Kisiwa Panza wavuvi wamekuwa wakifunga baadhi ya miamba kwa miezi mitatu hivi pweza wakue, kisha wanafungua na kupima mzigo wenyewe. Pweza hukua haraka sana, kwa hiyo jibu linaonekana kwenye mizani kabla watu hawajasahau swali. Tabianchi haikupi faida hiyo, miaka 30 ni mingi. Ndiyo maana nakushauri uanze na yanayojibika ndani ya msimu mmoja kabla hujagusa ya mwaka 2050.

Na hapa nina ugomvi na viongozi wetu wengi majukwaani. "Mvua hazinyeshi kwa sababu mnakata miti." Sentensi hiyo mchoma mkaa wa Handeni ameisikia mpaka imechuja. Anakumbuka kwamba alikata miti 2018, akakata 2019, na 2019 ilinyesha mpaka ikabeba madaraja. Ukimwambia mkaa wake ndio ulioamua vuli, anakuona huna akili, na akikuona huna akili kwa hilo hatakusikiliza kwa lile la kweli. La kweli ni kwamba kupanda na kushuka kwa vuli mwaka hadi mwaka kunatoka baharini. Msitu unafanya kazi nyingine, inayoonekana kwa macho. Maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka Mto Zigi, ambao chimbuko lake ni misitu ya Amani, yakakusanywa kwenye bwawa la Mabayani. Pale msitu uliposimama, mvua inazama ardhini na kutoka taratibu, mto unatiririka hata kiangazi. Kingo zikilimwa hadi majini, mvua moja kubwa inaleta tope bwawani na gharama ya kuyasafisha maji inapanda. Mkaribishe studioni mtu wa mamlaka ya maji na mkulima wa huko juu Zigi, wazungumze wao. Hutahitaji kutaja neno ikolojia hata mara moja.

Na gesi zinazopasha dunia joto? Sehemu ya Afrika nzima katika hewa ukaa inayotoka duniani haifiki asilimia 4. Liseme hilo bila aibu. Msikilizaji akishajua hushitakiwi yeye, anakuwa tayari kuzungumza.

Swali litakalofuata ni "Sasa haya mafuriko ni mabadiliko ya tabianchi au siyo?" Usijibu ndiyo wala siyo. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution hulinganisha dunia hii iliyopata joto na dunia ambayo isingepata. Waliuchunguza ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 Somalia, kusini mwa Ethiopia na mashariki mwa Kenya, misimu mitano mfululizo ya mvua haba, wakakuta kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame wa kilimo wa kiwango kile kwa takriban mara 100, zaidi kwa sababu joto linakausha udongo na mimea haraka. Wakachunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 wakakuta zilikuwa na nguvu hadi karibu mara mbili ya ambavyo zingekuwa, na daipoli nayo ikachangia. Kwa hiyo redioni: bahari ingeleta mvua nyingi mwaka huo kwa vyovyote, dunia kupata joto kumeziongezea nguvu. Msikilizaji anaelewa sababu mbili kwa wakati mmoja bila shida, wanaoshindwa ni waandishi wa vichwa vya habari.

Usifiche pia palipo na mkanganyiko. Masika ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki yamekuwa yakipungua tangu miaka ya 1980, wakati kompyuta nyingi za tabianchi zinaonesha yataongezeka huko mbele. Wataalamu wanaujua mvutano huo na bado wanauchimba. Akikupigia mzee akakwambia masika si yale ya ujana wake, usimsahihishe kwa ramani ya mwaka 2050. Vipimo vinamuunga mkono.

Na wazee usiwaweke upande wa pili wa meza. Kule Vihiga, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kwa kusoma dalili za mvua kwenye miti, wadudu na ndege. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 wazee wao na wataalamu wa hali ya hewa wamekuwa wakikaa pamoja kabla ya msimu, kila upande unaleta utabiri wake, wanalinganisha, kisha unatolewa mmoja kwa lugha ya wenyeji. Kwenu wapo wanaosema miembe ikichanua kupita kiasi kutakuwa na ukame. Waulize hewani, andika walichosema, kipimie mwisho wa msimu kama unavyopima cha TMA. Na mtu akimalizia na "Inshaallah" hajapinga sayansi, kwa hiyo usimjibu kana kwamba amepinga.

Nimalizie na wavuvi, ambao kwao jambo ni la saa, wala siyo la msimu. Tahadhari za TMA za upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 huwa na rangi na ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kwenye redio rangi haionekani, kwa hiyo taja chombo: ngalawa na mtumbwi visitoke, mashua isivuke mwamba. Isome alasiri kabla wavuvi wa taa hawajasukuma vyombo, taarifa ya habari ya saa mbili usiku inawakuta wameshatoka.

Baada ya tahadhari kupita bila madhara kwenu, usikae kimya. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea pwani yetu, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, kikafika Mafia kikiwa kinadhoofika. Kaskazini wengi waliona wamesumbuliwa bure. Wilayani Kilwa barabara kuu ya kusini ilikatika na mabasi yakakwama. Asubuhi kama ile fungua kipindi kwa kumpigia simu mtu wa huko kilikopiga, aeleze anachokiona mbele yake, halafu usome ile tahadhari ya juzi neno kwa neno, kilomita kwa saa na mikoa iliyotajwa, kisha ndipo ufungue simu za wasikilizaji.